Mama Yangu na Sungura Sita wa Maabara

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mama alikuja Utemini kunitembelea kutoka Mungaa, na siku ya pili tu akaniponza kazini.

Nilikuwa mhudumu wa maabara ndogo ya mifugo. Kazi yangu kubwa ilikuwa sungura sita, weupe pe, kila mmoja na kizimba chake. Watatu tuliwachoma sindano ya maji ya pafu la ng'ombe lililovimba kwa homa ya mapafu. Watatu, ya maji ya chumvi tu. Daktari wa maabara alitaka kujua kama damu ya wale wa kwanza itatengeneza kingamwili, yaani askari wa mwili, dhidi ya lile pafu bovu. Aliniagiza niwatie alama masikioni. Mimi nikawa kesho, kesho.

Mama hakujua kukaa bure. Nilikwenda naye kazini, na nilipotoka kuchota maji akawatoa wote uani waote jua, akafagia vizimba kama anavyofagia zizi lake, kisha akawarudisha wawili wawili.

"Mnyama anayeumwa haachwi peke yake," akaniambia kwa Kinyaturu, ameridhika kweli.

Jamani! Nilimfokea mama yangu mzazi. Nikamwambia ameniharibia wiki sita, nitafukuzwa, arudi kwake Mungaa. Akashika ufagio wake tu.

Daktari alipofika nikakiri yote, hata la alama. Nikasema pengine damu yenyewe itatuonyesha yupi ni yupi.

"Damu ndiyo tunayoihoji; hapo tutakuwa tunajiuliza na kujijibu wenyewe," akasema. "Kesho njoo tuzungumze habari ya kazi yako."

Mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji, akanivuta mkono. "Mwambie mimi nawajua."

Nikatafsiri. Daktari akacheka: weupe wote hawa?

"Kwani yeye watoto wake huwatia alama?" mama akauliza. Hilo sikulitafsiri. Akawanyanyua mmoja mmoja: huyu alikuwa kizimba cha mlangoni, ana pua pana, huyu cha dirishani, mkorofi. Daktari akaandika, lakini kwa kumridhisha tu.

Tukawatoa damu kidogo masikioni, tukaiacha igande, maji yake yakajitenga. Tukayatia kwenye vichupa vyembamba, na juu yake, taratibu, maji ya pafu bovu. Kama kingamwili zipo, pale yanapokutana hujitokeza pete nyeupe. Zikatokea pete tatu, zote za wale ambao mama alisema walitoka vizimba vya sindano ya pafu bovu. Daktari akalinganisha na karatasi yake mara mbili, kisha akamgeukia.

"Shikamoo, mama."

Mimi akaniambia niwatie alama kabla sijala; habari ya kazi yangu hakuigusa tena.

Kesho yake nilimsindikiza mama kwenye basi. "Mama, yale niliyokwambia jana..."

"Yapi hayo?" akauliza, huku akipanda. "Mimi mtu mzima sasa, nasahau sahau."

Nililia mbele ya utingo, wala sikuona haya.