Mkarafuu wa Mdogo Wangu

Binamu yangu anayelitazama shamba letu la Ole alinipigia simu asubuhi, chai yangu ikiwa bado motoni. "Dada, ule mkarafuu wa marehemu umegeuka manjano. Watu wa kilimo washaujia, wasema tuukate tuuchome. Nikaona nikwambie kwanza." Nikamshukuru, nikazima jiko, nikatia buibui langu. Kutoka Gombani hadi Ole si safari ya kumtisha mtu, hata mwenye magoti mabovu kama yangu, lakini siku ile nilihisi naiendea nyumba ya msiba.

Unaweza kucheka, bibi kizee analilia mti. Cheka tu, sikukatazi. Lakini ngoja kwanza nikwambie mti wenyewe ni upi.

Miaka ile Mzungu bado yuko na bendera yake, sisi tulikuwa tukikaa kwa bibi mzaa mama, katika nyumba ya udongo yenye baraza refu. Mikarafuu ilituzunguka kila upande, katikati yake mihogo, na nyuma ya jiko palikuwa na mshelisheli mmoja uliotulisha bila kununa. Baba alikuwa hamali bandarini Wesha, nyumbani akija Alhamisi jioni na kuondoka Jumamosi alfajiri. Asubuhi nilikwenda skuli, mchana chuoni kusoma Kurani, na msimu wa karafuu ukifika vyote viwili vilikuwa vitupu kwa sababu kila mwenye vidole alikuwa shambani. Wakubwa walipanda juu na kuyavuta matawi kwa upembo, fimbo yenye ndoano, sisi wadogo tukiokota zilizoanguka. Jioni tulikaa barazani tukichambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule, mpaka viganja vikawa vyeusi na harufu ikaingia hata ndani ya wali. Wingu likitanda tu, utasikia ukelele, "Mvua! Mvua!" na watu wazima wanakimbia na majamvi kama wezi. Harufu ile sijapata kuisahau. Hata leo nikitia karafuu mbili katika pilau huwa naachia mwiko na kukaa kitako kidogo.

Bibi alikuwa na ada yake aliyoirithi kwa mkwewe, mama yake babu. Mtoto akizaliwa, kitovu chake kikishadondoka, alikifunga katika kitambaa, akakizika shambani, na juu yake akapanda mche wa mkarafuu. Kwa hiyo kila aliyezaliwa nyumbani kwetu alikuwa na mti wake. Mti wa babu ulikuwa karibu na kisima, mkubwa, umejaa makovu. Mti wa mama ulikuwa njiani. Wangu ulikuwa nyuma ya choo, jambo lililonitia haya sana. Wa mdogo wangu ulikuwa mbele kabisa ya baraza, mdogo kama mwenyewe, bado haujawahi kutoa hata kishada kimoja.

Mdogo wangu alikuwa na umri wa miaka mitano hivi, kibogoyo wa meno ya mbele, mtoto wa maneno mengi. Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, alipita akiiamkia miti. "Shikamoo babu," auambie mti wa babu. "Shikamoo mama," auambie wa mama. Wangu aliupita bila salamu, maana mimi na yeye tulikuwa tukigombana. Akifika kwa wake husimama, mikono kiunoni, akauliza, "Hujambo?" Kisha akageuza sauti, akaifanya nyembamba, akajibu mwenyewe, "Sijambo." Bibi alikuwa akicheka mpaka akajishika mbavu. Nasi sote tukicheka.

Wakati ule mikarafuu ilikuwa ikifa kifo kisichojulikana. Mti ulikuwa mzima, mnene, umechumwa juzi tu, mara unaona majani yake yamepauka. Siku chache baadaye yamekuwa ya manjano, kisha ya rangi ya udongo, na mwezi haujakwisha mti umesimama mkavu na majani yake yangali juu, mfano wa mtu aliyekata roho kwa kusimama. Wa pembeni yake hauna hata doa. Wazee walisema balaa hiyo ilianzia Unguja zamani, kabla wao hawajazaliwa, na huko ilikausha mashamba mazima. Waliosema jicho walikuwepo, na waliosema shetani wa ardhini, na waliosema ni sadaka tulizoacha kutoa. Bwana shamba wa serikali naye alikuja na Mzungu mwenye kofia, wakachimba mizizi, wakabandua magome, wakatia vipande ndani ya chupa. Bibi aliwauliza kwa nini ufe huu na ule usife. Bwana shamba, kijana wa Kiunguja mwenye adabu, alimtafsiria Mzungu, kisha akarudi na jibu: "Bado tunatafuta, Bibi."

Katika miti iliyokufa mwaka ule, wa mwanzo ulikuwa wa babu. Na haukupita msimu, babu mwenyewe akaugua, akatutoka. Watu walisema ni kudra ya Mungu tu, mzee alikuwa mtu mzima. Bibi hakubishana nao. Lakini tangu siku hiyo alianza kuamka na kwenda kukagua majani ya kila mmoja wetu kabla hajakoka moto.

Ndipo ukageuka mti wa mama.

Nyumba ilipinduka. Mama alikuwa mzima wa afya, anatwanga, anachota maji, ila siku ile alikuwa amelalamika kichwa kinamgonga. Kikatosha. Bibi alimlaza chumba cha ndani, akamkataza kuinuka na akatukataza sisi kuingia. Akaletwa shehe, akaandika kombe, aya za Kurani, kwa zafarani katika sahani nyeupe, likakoshwa kwa marashi ya mawaridi. Nusu akanywa mama. Nusu bibi aliibeba kwa mikono miwili mpaka njiani, akaimimina penye shina la mti. Majirani wakaja kusoma Yasini. Mimi nilitumwa maji, ndoo juu ya ndoo, kuunywesha mti uliokwisha kufa. Mama alipotaka kutoka aliambiwa, "Lala, mwanangu, usinitie msiba wa pili," naye kwa kumheshimu mzazi wake alilala.

Katika siku hizo hizo mdogo wangu alipata homa. Ilianza kwa kutetemeka. Alijikunja barazani ndani ya kanga ya mama, katikati ya jua, meno yakigongana. Mchana ilimwachia, akaomba shelisheli, akacheza. Kesho yake ikarudi. Bibi hakumtupa, naomba nimtendee haki. Alimchemshia mwarobaini, alimkanda maji, alimsomea Kulhuwallah na kumpulizia. Lakini roho yake haikuwa hapo. Alikuwa akiutazama ule mti mdogo mbele ya baraza, majani yake yanang'ara, mapya mekundu yanachipua nchani, na uso wake unatulia.

Jumanne bwana shamba alirudi na gari ya serikali kuutazama mti wa mama. Alipopanda barazani alimwona mdogo wangu, akamgusa paji la uso, akashtuka. "Bibi, mtoto huyu anaungua. Nipeni nimchukue Chake hospitali, gari hii hapa."

"Yuno hana neno," alisema bibi. "Nti wake si uno? Tazama majani yake, kama yapakwa samli. Mgonjwa wangu yu ndani."

"Bibi, maradhi haya ni ya miti. Hayamfuati mtu. Na hasa hupenda miti mikubwa, midogo huipita."

"Bwana weye, mume wangu nti wake ulikauka, naye kafuata. Waniambia nini mie?"

Bwana shamba alivua kofia. Alijaribu tena kwa upole. Lakini mgeni hamchukui mtoto wa watu kwa nguvu, na bibi alikuwa kama mama yake. Aliingia garini, akaondoka. Mpaka leo nikisikia gari inatia moto barabarani, huwa nasikia ile.

Alhamisi asubuhi mdogo wangu aliniomba nimkalishe aelekee miti. Nikamkalisha, nikamwegemeza begani kwangu. Aliutazama mti wake, akauliza kwa sauti ndogo, "Hujambo?" Nilingoja ajijibu. Badala yake macho yake yalipinduka na mwili ukakakamaa. Nikapiga ukelele, bibi akaja mbio, shehe akaja, na jua halijapanda juu ya mshelisheli mambo yalikuwa yamekwisha. La kuvunda halina ubani, ndivyo walivyosema majirani. Mimi nilitaka kuwapiga.

Baba aliitwa Wesha. Alikuja na kipande cha halua alichokuwa amemnunulia kwa ajili ya Ijumaa. Kilikaa juu ya kabati mpaka sisimizi wakakimaliza, na hakuna aliyethubutu kukitoa.

Wanaume walipokwenda makaburini, sisi tulibaki nyumbani na kilio. Bibi ndiye pekee aliyekuwa halii. Alinyanyuka, akachukua shoka nyuma ya mlango, akauendea ule mti mdogo. Alikuwa ameshauinulia shoka mama alipotoka chumba cha ndani, kichwa wazi, miguu mitupu, akakimbia. Naam, alikimbia. Hapo ndipo sote tulipoona kwa macho yetu kwamba mama hakuwa mgonjwa hata chembe. Alilikamata shoka mpinini.

"Uache, mama," alisema. "Nti haukusema kitu. Siye ndio tuliousemea."

Bibi aliliachia shoka, akakaa chini pale pale kwenye udongo. Mama akakaa ubavuni mwake, akamfunika kwa kanga yake. Sikuwahi kumsikia mama akimlaumu, si siku ile wala baadaye, na waliishi nyumba moja mpaka bibi alipofariki. Ila bibi hakukagua tena majani. Mama alipojifungua mtoto mwingine, bibi alimkabidhi kitovu chake mkononi, akamwambia, "Kazike utakako, lakini pasiwe na nti." Na salamu za asubuhi kwa miti zikakoma, kwa kuwa hakuwepo wa kuzitoa.

Mwaka uliofuata ule mti ukatoa vishada vyake vya kwanza. Mama alikataza usichumwe. Basi ukaachwa, karafuu zikachanua, zikawa mpeta, mbegu nene, zikaanguka zenyewe na kuota chini yake. Wachumaji walituona wendawazimu. Nami niliuchukia mti ule, nikuambie kweli. Niliuchukia kwa ujani wake. Miaka mingi nikija Ole nilipita mlango wa nyuma ili nisiuone.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipopata kuelezwa kile ambacho wale watu wa chupa walikuwa wakikitafuta. Ni kuvu, walisema, aina ya ukungu unaoingia kwenye mizizi midogo na kuila polepole. Mti huendelea kuwa kijani, unatoa majani, unachumwa, na kumbe chini hauna tena cha kunywea. Siku unapogeuka manjano ndiyo siku tunayosema umekufa ghafla. Kikulacho ki nguoni mwako. Na kwa nini uingie mti huu na kuuruka wa jirani, walivyoniambia mimi, hilo halijajulikana lote. Sawa, na watafute. Kinachoniuma mimi si hicho. Kinachoniuma ni kwamba maradhi ya mti wa mama hayakuwa na dawa popote duniani, na tuliuhangaikia siku nzima nzima. Homa ya mdogo wangu dawa yake ilikuwepo Chake, vidonge vichungu tu, na gari ilikuwa imesimama mlangoni.

Nilipofika juzi, binamu yangu alinipokea kwa adabu zote, akanionyesha. Hapo zamani pangekuwa na nyimbo za wachumaji, na majamvi, na watoto wa kukanyaga karafuu wakakaripiwa. Nyumba ya udongo haipo, kuna ya matofali. Mshelisheli haupo. Mti wa babu, wa mama, hata wangu wa nyuma ya choo, yote ilikwisha zamani. Bibi, mama na baba wamelala upande mmoja wa makaburi, na mdogo wangu miguuni mwao. Umebaki huu tu, mrefu kupita paa, na majani yake ya manjano yanamwagika bila upepo.

Binti wa kilimo alikuwa pale, mpole kama yule kijana wa zamani. "Samahani, Bi," alisema. "Ni lazima tuuchome, usiambukize mingine."

"Uchomeni, mwanangu," nikamwambia. "Nipeni dakika tu."

Wakasogea. Nikaegemea shina, na mkono wangu, sijui kwa nini, ulikwenda kiunoni wenyewe. Nilijua vizuri yaliyomo mizizini. Nilijua mti hausikii. Nikauliza, "Hujambo?"

Nikangoja, na hakuna aliyejibu.