Dole la Biasha

Tangu Abdala akamatwe kule Likawage, mkewe Biasha hakumwamini mtu. Abdala hakushtakiwa kwa lolote. Serikali ya Mwingereza ilisema tu kwamba kuna walioapa kuwa anachochea wakulima wakatae amri za shamba, na gavana akiridhika, atahamishiwa Sumbawanga asirudi. Ni nani walioapa? Siri.

Basi Biasha akawatafuta kwa macho. Jirani yake Evaristo akimsalimia, alijiuliza mbona leo ana salamu ndefu. Romana, mkunga wake, akileta mihogo, alijiuliza katumwa na nani. Shemeji yake Huseni alikohoa siku moja Abdala alipotajwa, Biasha akamfuta moyoni. Simlaumu. Ukichongewa na mtu usiyemjua, kila uso unakuwa wa mchongezi.

Ni huyo huyo Huseni aliyemtafuta wakili wa Kihindi. Wakili akaomba Abdala afikishwe mbele ya jaji aliyekuja Lindi, na viapo visomwe hadharani. Jaji akakubali.

Kumbe kiapo kilikuwa kimoja tu. Mkalimani akasoma: "Mimi, Biasha binti Bakary, mke wa Abdala, nimeapa kwa Msahafu kwamba mume wangu huwachochea watu..."

Biasha alijipenyeza hadi mbele. Wakili alipomwonyesha alama ya dole gumba mwishoni mwa karatasi, alilitambua dole lake kwa kovu la mundu katikati.

"Ni lako?" jaji akauliza.

"Langu, Bwana. Karani Lukas wa bomani aliniambia ni ruhusa ya kumpelekea mfungwa chakula."

Aliwashuku wote, huyo karani hakumshuku, kwa kuwa alisema kwa upole na kumwita mama!

"Hukuapa?"

Wanaume walijaa hadi mlangoni. Biasha akakaza kanga iliyombeba mtoto mgongoni.

"Siku hiyo mtoto huyu mgongoni alikuwa na siku kumi na tisa. Nilikuwa ndani ya arobaini, damu ya uzazi haijakatika. Mwanamke katika hali ile hagusi Msahafu, Bwana. Ningeapaje?"

Mkalimani, naye Mwislamu, alitafsiri akitazama sakafu. Romana, aliyekuwa nje ya mlango, akaitwa, akaapishwa, akathibitisha siku ya kuzaliwa mtoto: siku kumi na tisa kabla ya tarehe ya kiapo. Pasipo kiapo hapakuwa na ushahidi, na pasipo ushahidi hapakuwa na sababu ya kumshikilia mtu. Abdala akaachiwa alasiri ile ile.

Walitembea kuelekea kwenye malori. Mahakama ilipokuwa mbali nyuma yao, Abdala alipunguza mwendo.

"Siku sitini na mbili nilikuwa nawataja moyoni walioapa dhidi yangu," alisema. "Nilimtaja Evaristo. Nilimtaja Huseni, ndugu yangu wa tumbo moja. Wewe tu sikukutaja."

Biasha alitaka kumweleza tena habari ya karani na chakula. Lakini alikwisha kuieleza yote mbele ya jaji, na Abdala aliisikia.