Jiko la Dakika Tano

"Jikoni kwangu mimi hakuna kutwanga, hakuna kupepeta, hakuna kuanika! Kopo linafunguka, dakika tano, baba yuko mezani!"

Maneno hayo Violeth aliyasema kwenye kipaza sauti, mbele ya wanawake mia na ishirini waliovaa kitenge cha aina moja, siku ya kichen pati yake, sherehe ya kumfunda kabla ya ndoa, mjini Kahama. Emsii alikuwa amemuuliza swali dogo tu: mume akirudi ghafla kutoka shifti na njaa yake, utampikia nini? Wenzake huwa wanajibu wakitazama sakafu, wanasema nitampikia anachopenda, basi, wanakaa. Violeth alikishika kile kipaza sauti kama mgombea udiwani, na vigelegele alivyopata siku hiyo kuna madiwani hawajawahi kuvipata.

Mtu mmoja hakupiga makofi, na si kwa ubaya. Mikono yake ilikuwa na kazi. Mama yake Violeth, Anisia, alikuwa ameketi karibu na mlango amekumbatia kinu. Alitoka nacho Ushirombo kwa basi, amekiviringisha kwenye kanga kama mtoto mwenye homa, na kondakta alimlipisha nauli ya mzigo sawa na ya mbuzi.

Wakati wa kutuza ulipofika, watu walicheza wakipeleka zawadi mbele. Ikapita friji ndogo, likapita jiko la gesi, ikapita blenda. Mashoga wa Violeth walileta katoni za makopo, wakayapanga meza nzima yakawa mnara: maharage, samaki, njegere, nyama. Kisha akaja Mama Anisia, kinu kichwani, anacheza taratibu kwa sababu shingo ina mambo yake. Alipokitua chini, emsii akakizunguka mara mbili, akakigonga kwa kidole, akasema, "Mama, na hiki nacho kinafunguliwa upande gani?"

Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia. Mama Anisia naye akacheka. Ukichekwa na watu mia na ishirini kwa mpigo, njia rahisi ni kuungana nao.

Jioni, vitu vilipokuwa vinapakiwa kwenye pikapu, kijana wa ukumbi aliuliza, "Dada, na hiki?" Violeth alikitazama kinu kile, akautazama mnara wa makopo ambao ulikuwa bado haujapakiwa, akasema, "Kiache kwanza, nitakirudia."

Nafasi kwenye gari ilikuwepo. Hilo ndilo lililokuja kumsumbua baadaye.

Yeye na mumewe Deusdedit, fundi wa mitambo mgodini, walihamia Geita, na Violeth akapata kazi kwenye duka kubwa la vyakula, lile la aina ya kuingia na kikapu na kutoka na mshangao. Alikaa kwenye mashine ya malipo miaka sita. Tarehe za kuisha muda wa makopo alizijua kuliko tarehe za kuzaliwa za wakwe zake. Kopo likianguka na kubonyea, mwenye duka huwauzia wafanyakazi kwa nusu bei, kwa hiyo nyumbani kwa Violeth hakukuwa na kopo lililonyooka. Kabati lake la jikoni lilionekana kama kundi la watu waliotoka kupigana.

Na dakika tano zilikuwa za kweli, asikudanganye mtu. Binti yao Salome alijua kufungua kopo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Deusdedit, mwanaume wa Bukombe aliyelelewa kwa ugali wa kusimama wenyewe, alikula tambi za pakiti miaka sita bila kulalamika. Siku moja tu aliinua uma, tambi zikaning'inia, akauliza, "Mama Salome, hivi hizi huwa zinashibisha, au zinapita tu kutusalimia?"

Kila mwaka mvua zikiisha, Mama Anisia alikuwa anatuma mfuko wa nsansa kwa basi. Nsansa ni majani ya kunde: yanachumwa mabichi, yanachemshwa kidogo, yanaanikwa mpaka yakauke, na baada ya hapo yanaweza kukaa mwaka mzima bila friji wala tarehe ya kuisha muda. Violeth aliupokea mfuko stendi, akapiga simu kushukuru, akaupeleka moja kwa moja kwa jirani yake Hosiana, Mama Nasibu, mwenye watoto watano na ulimi wa kutosha watu kumi.

Mwaka huu Hosiana aliipika nsansa ile ile siku Violeth yuko mapumziko. Harufu ikaruka ukuta. Violeth alikuwa amesimama uani na kopo la maharage mkononi, na kile kifungulio kikaganda katikati ya bati. Alisikia harufu ya karanga mbichi zinazochemkia ndani ya majani, na nyuma yake harufu nyingine, ya paa la bati la kwao Ushirombo lililotandazwa majani asubuhi nzima, mama yake chini na fimbo anafukuza mbuzi wa jirani yao Baba Gelasius, na yeye Violeth juu ya ngazi anayageuza majani kwa vidole na kuyala yakiwa bado na joto la jua. Baba yake alikuwa hai bado. Alikuwa kivulini, anachonga kitu. Siku zote alikuwa anachonga kitu.

Akaenda kwa Hosiana na kopo lake mkononi.

"Mama Nasibu, umeipika sasa hivi?"

"Sasa hivi hii hii. Kwani umeona nimewasha moto asubuhi?" Hosiana akageuza mwiko. "Majani nimeyaloweka nikiwa naosha vyombo. Karanga nimetwanga glasi moja. Maji ya ugali hayajachemka, mboga imeiva. Watu saba tunakula hapa, na hela niliyotoa haifiki bei ya hilo kopo lako lenye nundu. Wewe dakika zako tano unazihesabu kutoka wapi, kutoka kwenye kopo au kutoka kwenye mshahara?"

Violeth alipewa bakuli, akala akiwa amesimama, na alipolirudisha Hosiana akalitazama, akasema, "Umelamba au umeosha?"

Kesho yake aliomba konzi mbili za nsansa zake mwenyewe, akaamua kupika. Kinu hana, lakini blenda anayo. Karanga zikaingia ndani, zikageuka gundi, blenda ikaunguruma, ikatoa moshi, ikakata kauli. Violeth hakukata tamaa. Alikimbia dukani kwao akanunua siagi ya karanga ya kwenye chupa, ile ya kupaka mkate, akamimina nusu chupa sufuriani. Mezani Deusdedit alimega tonge, akachovya, akatafuna polepole kama mtu anayesikiliza mbali.

"Mama Salome."

"Abee."

"Hii ni mboga, au kuna mtu amezaliwa leo?"

Siagi ile ina sukari. Imeandikwa kwenye chupa kwa herufi kubwa, na Violeth alikuwa ameipitisha kwenye mashine ya malipo mara elfu. Salome peke yake ndiye aliyeomba nyongeza.

Ndipo akampigia mama yake simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Vayoleti. Hamjambo huko? Mjukuu wangu?"

"Hatujambo. Mama, nsansa inapikwaje? Karanga unaweka wakati gani?"

Upande wa pili kikasikika kigoda kinavutwa, mtu anakaa. Miaka sita mwanamke huyu ametuma mfuko, na leo ndiyo mara ya kwanza kuulizwa swali. Akaeleza yote, kuanzia maji ya kulowekea, mpaka chumvi, mpaka namna ya kukoroga bila kuponda majani. Mwisho akasema, "Karanga utwange zisiwe unga kabisa, zibaki na chenga. Kinu si unacho?"

"Ninacho mama," Violeth akasema. Lilitoka lenyewe, kama salamu.

"Haya," mama yake akasema. "Mimi tangu kitoke hapa nasaga kwa chupa ya soda juu ya jiwe. Inafanya kazi, ila mkono unachoka."

Violeth akakaa kitandani. "Kwani kilikuwa hicho hicho kimoja? Mbona hukununua kingine?"

"Kingine angechonga nani? Baba yako alinichongea hicho mwaka tuliooana. Basi sikiliza. Nikishavuna, mwezi wa nane nitakuja kwako. Sijawahi kula kwako, mwanangu. Miaka sita. Utanipikia nsansa, nami nitatwanga hizo karanga mwenyewe. Nina hamu nacho kile kinu."

Hosiana alipoambiwa, alikuwa na dawa tayari. "Chukua changu. Kinu ni kinu. Mama ni mtu mzima, ataangalia kinu au atamwangalia mjukuu?"

"Cha kwetu kina alama, Mama Nasibu. Baba alichonga msalaba mdogo chini ya mdomo wake. Mama huwa anaushika kabla hajaanza kutwanga."

"Basi na changu tuchonge msalaba."

"Mama Nasibu!"

"Nimetania. Ila kisu ninacho."

Violeth alijaribu kulicheka jambo lile, likakataa kuchekeka. Wiki tatu alikuwa dukani anapitisha makopo ya watu kwenye mashine, tiki, tiki, na kila tiki anamwona mama yake amepiga magoti juu ya jiwe na chupa ya soda. Alitamani kumwona ameketi kwenye meza yake, ananawa, anamega tonge. Hakutaka zaidi ya hapo. Na kati ya yeye na tonge hilo kulikuwa na neno moja alilolisema mwenyewe: ninacho.

Mwezi wa saba ukiwa unakaribia kuisha, aliomba ruhusa ya siku moja akaenda Kahama.

Ukumbi upo bado, wamepaka rangi mpya na kuweka bustani. Mlinzi, kaka mmoja mwembamba aitwaye Masalu, alikuwa anamwagilia maua.

"Kaka, habari za kazi. Nauliza, miaka sita iliyopita nilifanyia hapa kichen pati, nikasahau kinu."

Masalu akamtazama vizuri, halafu akaweka ndoo chini na kupiga paja. "Wee! Si ndiye dada wa dakika tano? Emsii yule mpaka leo anakutolea mfano! Ukaja kweli ukaolewa?"

"Nimeolewa. Kinu, kaka."

"Ah, kile." Akaonyesha kwa kidole bila kugeuka.

Kilikuwa karibu na bomba la kunawia, kimepakwa rangi ya fedha kuanzia juu mpaka chini, na ndani yake umeota mshubiri mnene wenye afya kuliko watu wengi. Violeth akachutama. Chini wametoboa matundu manne kwa keekee, maji yasituame. Maji ya kumwagilia ya asubuhi yalikuwa bado yanachuruzika polepole kwenye kokoto. Akakwangua rangi kwa ukucha chini ya mdomo wa kinu. Msalaba ulikuwepo, umejaa rangi, mdogo kama punje ya mpunga.

"Kaka, nakichukua."

"Hapo sasa ndiyo ugumu, dada. Mimi nauza maji ya kunywa na kufungua geti. Hicho ni pambo la ukumbi, maharusi wanapigia picha. Mpaka umuulize mama mwenye ukumbi, na bei zake anazijua mwenyewe." Akafungulia bomba kujaza ndoo yake.

Violeth hakumuuliza mama mwenye ukumbi. Alitoa simu akakaa kwenye kokoto zenye maji, gauni na vyote. Kinu chenye matundu manne hakitwangi karanga tena, hata akikibeba leo hii hii. Zitapita chini zote. Akabonyeza jina la kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona nasikia maji?"

"Niko Kahama. Mama, nilikudanganya. Kinu sina. Sikuwahi kuwa nacho hata siku moja. Nilikiacha ukumbini siku ile ile, na nafasi kwenye gari ilikuwepo."

Alisubiri. Alikuwa amejiandaa kusikia kilio, au matusi, au simu kukatwa.

"Bado kiko hapo kwenye bomba?" mama yake akauliza.

Violeth akageuza shingo akalitazama bomba, kana kwamba ndilo lililosema.

"Mwaka juzi nilikuja hapo," Mama Anisia akaendelea. "Kichen pati ya binti wa Baba Gelasius. Nikaenda kunawa, nikakikuta kimevaa rangi. Nikasema labda nimekifananisha. Nikapapasa chini ya mdomo."

"Mama! Na siku ile nilipokwambia ninacho, mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Masalu alikuwa amefunga bomba. Akajifanya anahesabu majani ya mshubiri.

"Sikuwaambia kuwa ni changu," mama yake akasema. "Ningesema nini mbele za watu, na nimevaa sare ya sherehe? Nilijifanya mteja tu. Nikauliza bei."

Violeth akaweka kiganja kwenye mdomo wa kinu, pale alipopakwangua.

"Wakakwambia ngapi, mama?"

"Elfu themanini. Nikanawa, nikarudi kukaa."