Mdomo wa Kuazima

Kitu cha kwanza Nyibol alichokijua kuhusu Wakenya ni kwamba wanapenda kupiga kelele. Lakini si wao kwa wao. Wao kwa wao waliongea kama watu. Kelele zilikuwa zake peke yake. Akienda mferejini, Lorna wa chumba cha pili anamwinamia na kupayuka, "HABARI YAKO!" huku mikono ikipunga kama mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi. Mwenye duka hivyo hivyo. Hata bibi wa kuuza mboga, ambaye hakuwa na meno ya kutosha kwa kazi hiyo, alijikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nyibol alitabasamu, akachota maji yake, akarudi ndani akijiambia kila nchi na salamu zake.

Alikuwa ametoka Bor, Sudan Kusini, akaja Kitale kwa sababu ya shule ya watoto, Akuol na wadogo zake. Mume alibaki Juba anaendesha lori. Wasudani wenzake walikuwepo mjini, lakini wale aliowasikia walikaa kwenye nyumba zenye geti. Yeye mfuko wake ulimfikisha mtaa wa Tuwani, kwenye ploti ya mabati, choo kimoja na mfereji mmoja. Kiswahili hakuwa nacho hata cha kuombea chumvi.

Siku aliyoshusha magodoro, mwanamke mnene wa uso wa kucheka alitoka chumba cha mwisho akamwambia, "Salaam taki, okti." Salamu kwako, dada. Kiarabu cha Juba kabisa! Huyo ndiye Edinah, mzaliwa wa Kamukuywa, aliyekuwa amepika hotelini Juba mpaka vita vikamrudisha kwao. Nyibol alimwangukia shingoni akalia pale pale kati ya magodoro. Jioni Edinah akaleta ugali na mrenda, akakaa, wakaongea mpaka watoto wakalala na viatu. Mwenye kiu haulizi kikombe kimeoshwa na nani.

Kuanzia hapo Edinah akawa mdomo wake. Sokoni Edinah, shuleni Edinah, kwa mwenye ploti Edinah.

"Wewe nyamaza tu," alimwonya kwa Kiarabu chao. "Watu wa hapa wakisikia ulimi wako umejikwaa, watakucheka mpaka Krismasi. Halafu polisi nao watataka makaratasi. Acha niongee mimi."

Nyibol akanyamaza. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la adabu. Mama yake alimlea akijua kwamba mgeni hafungui mdomo mbele ya mwenyeji wake. Aliyekuingiza kijijini ndiye anayekusemea, mpaka siku atakapokuambia, haya, sasa sema. Nyibol alikuwa anasubiri hiyo haya. Angeisubiri mpaka leo.

Mdomo ukifungwa, mikono hutafuta kazi. Nyibol alitoa sindano na nyuzi zake akaanza kutarizi mashuka, yale ambayo kwao huitwa milaya, na vitambaa vya kufunika viti. Maua ya rangi zote, tausi, ndege wawili wanaangaliana. Na kila kazi, kona ya chini, aliweka ng'ombe wa baba yake: Malual, dume mwekundu, pembe moja inaangalia juu na nyingine imepindwa chini kuelekea shavuni. Baba alikuwa ameipinda pembe ile kwa mikono yake mwenyewe, dume lingali ndama, na aliliimbia kila asubuhi zaidi ya alivyomwimbia mke wake. Baba hayupo. Dume halipo. Imebaki kona.

Edinah alipoziona akashika kifua. "Okti, hizi ni za Bungoma!"

Bungoma, akina mama wa kanisa la Edinah walikuwa wanajenga chumba cha kushonea, wasichana wafundishwe kazi ya mikono, na walikuwa wanatafuta mwalimu. "Nitawapelekea kazi yako," Edinah akasema. "Nitawaambia ni nani ameshona. Wakikuchukua, utakuwa mwalimu."

Mwalimu! Tangu avuke mpaka Nyibol hakuwa ameitwa kitu chochote. Wanawake wengine wa ploti walikuwa Mama fulani na Mama fulani. Yeye alikuwa mtu wa kupungiwa mikono. Alilitaka neno lile kama mtu anavyotaka mvua. Akashona mpaka vidole vikawa na matobo, na Edinah akabeba, akapeleka. Kila akirudi ilikuwa hadithi ile ile.

"Wameipenda sana. Ila wanauliza, atafundishaje bila Kiswahili?"

"Basi nifundishe."

"Polepole, dada. Kiswahili si uji wa kunywa moto."

Hebu fikiria mtu anayekufungia mlango, halafu anakulaumu kwamba hutoki nje.

Lakini masikio hayana kufuli. Mferejini, wanawake wengine walikuwa wakinong'onezana wakimwona mtu anakuja. Nyibol akija, hakuna aliyenong'ona. Walimwaga kila kitu mbele yake kama maji machafu, na yeye akakinga. Akajua nani amefukuzwa kazi, nani anakula cha chama. Akajua bwana wa Jeruto, yule anayeaga kwamba anaenda kesha la maombi Kachibora, anakesha kweli ila haombi. Kiswahili chake kikawa hicho: cha umbea, lakini kimeiva.

Siku moja Lorna, akiwa na povu hadi kwenye viwiko, alimwambia mwenzake, "Huyu wa Edinah, ona vile anafua! Mtu kiziwi anatushinda." Na alipotamka kiziwi akagusa sikio lake na kutikisa kichwa kwa huruma.

Nyibol akaendelea kukamua shuka. Kelele zote za mwaka mzima zikaingia mahali pake, moja baada ya nyingine.

Jioni akamuuliza Edinah kwa nini watu wanadhani masikio yake yamekufa. Edinah akacheka, akampiga begani. "Si mimi niliwaambia ni mabomu ya vita! Nilikukinga, okti. Wangekusumbua na maswali. Hata hivyo wanakuonea huruma, si vizuri?"

Nyibol akakubali. Si kwamba aliamini. Lakini angekataa, kesho angeongea na nani? Edinah ndiye mtu mzima pekee ambaye alikuwa amecheka naye tangu aje. Mtu huweza kumeza mfupa mzima akiogopa kuachwa na njaa.

Kisha habari ikaja kwamba chumba cha kushonea kinafunguliwa, na milaya kubwa ya siku hiyo haijaisha. "Twende wote Bungoma," Edinah akasema. "Utamalizia huko huko."

Nyibol alidhani haya yake imefika. Alivaa lawa yake ya njano, ile ya kufungwa bega moja, akajipaka mafuta mpaka akang'aa. Njiani alikariri kimoyomoyo: Hamjambo akina mama. Naitwa Nyibol.

Nyumba ilikuwa ya Agneta, mwenyekiti wa akina mama, na ilijaa wanawake, vicheko na harufu ya kuku. Nyibol alipovuka mlango alisimama ghafla. Kila kiti kilikuwa kimevaa kazi yake. Mgongo wa kochi, mikono ya kochi, meza, kabati, hata redio. Na kila kona, Malual. Kundi zima la ng'ombe wa baba yake lilikuwa linamwangalia. Moyo ukamwambia: umefika nyumbani.

"KARIBU! KARIBU MAMA!" Agneta akampayukia usoni, akimwonyesha mdomo kwa vidole, maana yake kula.

"Akae jikoni," Edinah akasema haraka. "Watu wengi wanamtisha."

Kwa hiyo Nyibol akaketi jikoni na milaya mapajani. Kilichokuwa kimebaki ni pembe, maana pembe iliyopindwa huiweka mwisho. Kati yake na sebule kulikuwa na pazia tu.

"Sasa Edinah," ilikuwa sauti ya Agneta, "hebu ambia mama mchungaji. Huyu ng'ombe unashona kila mahali ni wa nani?"

"Ai, huyo ni wa kuka yangu, kule Kamukuywa! Alikuwa anapigana mpaka watu wanapanda miti. Kuka alisema, mjukuu wangu, usinisahau, ndio namshona."

"Mayi wee! Na mikono hiyo yote ulitoa wapi?"

"Ni Mungu tu, mama."

"Na huyo wa jikoni?" mama mchungaji akauliza.

"Maskini, kiziwi. Nilimwokota Juba, hana mtu. Namfundisha kushikilia uzi, angalau ajisikie binadamu."

Wakaguna kwa huruma. Agneta akapiga makofi. "Basi kabla ya chakula niseme. Mwalimu wetu tumepata, si mwingine, ni Edinah. Wasichana wanaanza wiki ijayo."

Vigelegele. Sindano ilikuwa imemwingia Nyibol kidoleni na hakuhisi.

Aliinuka, akasukuma pazia. Maneno aliyokariri njiani yalikuwa yamekimbia. Yaliyotoka ni haya:

"Hamjambo. Mimi nasikia. Nasikia kitambo."

Mfuniko wa sufuria ukaanguka mahali. Kisha mwanamke mmoja mrefu akarusha mikono juu. "YESU! Kiziwi amepona!"

Ooh, ungewaona. Wengine wakapiga magoti, wengine wakaanza pambio, mama mchungaji akafumba macho na kunena kwa lugha. Na Edinah, jamani, Edinah hakupoteza hata pumzi moja. Alimrukia Nyibol, akamkumbatia, machozi yanashuka. "Bwana asifiwe! Nimefunga kwa ajili yake mwaka mzima! Mnaona? Mnaona?"

Hata muujiza akauchukua uwe wake.

Nyibol akajinasua. Alitafuta neno, na kwenye ghala lake la mferejini alipata moja tu la kutosha. "Huyu anadanganya kama bwana ya Jeruto!"

Pambio likakatika. "Jeruto ni nani?" mtu akauliza nyuma.

Nyibol akamtandazia Edinah milaya mikononi, na sindano juu yake. "Ng'ombe ya kuka yako. Haina pembe moja. Shona."

"Saa hii? Mikono inatetemeka na furaha, okti..."

"Si ushone tu bana," yule mrefu akasema. "Ni pembe tu."

Edinah akashona. Uzi ukajikunja, ukafanya fundo, ukatoka upande usiofaa. Lililobaki pale juu ya kichwa cha Malual lilikuwa kama alama ya mguu wa kuku kwenye tope. Hakuna aliyecheka. Agneta aliinama, akaangalia ile pembe, akaangalia vitambaa kwenye makochi yake, akamwangalia Nyibol. Alijua. Nyibol aliona akijua.

Kisha Agneta akamtazama mama mchungaji, na sahani zilizopangwa, na wageni.

"Haya," akasema. "Mambo ya nyumbani yatamalizwa nyumbani. Leo ni sherehe. Edinah ndiye anajua kuongea na watu, huyu ana mikono. Si watafundisha pamoja? Edinah mwalimu, na huyu msaidizi wake. Mmoja mdomo, mmoja mikono!"

Wakapiga makofi, kwa kufarijika kwamba wataweza kula. Nyibol alielewa kila neno. Siku hiyo alitamani angekuwa kiziwi kweli.

Alichukua mkasi kwenye kikapu chake, akaketi chini katikati ya sebule, akaanza kumfumua Malual. Mguu, tumbo, nundu. Uzi mwekundu ukawa unajizungusha kidoleni mwake huku akina mama wamesimama na sahani tupu. Alipomaliza akamwekea Agneta milaya mikononi.

"Shuka baki nayo. Ng'ombe ni ya baba yangu."

Akatoka. Hakuna aliyemfuata. Steji aliuliza mwenyewe, "Kitale?" na kijana wa gari akajibu, "Ingia mama," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyojibiwa mtu yeyote. Hiyo ndiyo iliyomliza.

Kesho yake mferejini Lorna akainama kama kawaida. "HABARI YA..."

"Nzuri. Usinipigie kelele, nasikia. Mimi ni Mama Akuol." Akaweka mtungi wake. "Na nilisikia hata ile ya bwana ya Jeruto na Kachibora."

Maji ya Lorna yakafurika, yakamlowesha miguu, asijue. "Yote?"

"Yote."

Lorna akafunga mfereji. "Kwani Edinah alituambia nini, huyu mwanamke?" Nyibol akamsimulia yote, kwa Kiswahili kilichovunjika magoti lakini kikafika, mpaka kwenye pembe, mpaka kwenye makofi. Lorna hakukatiza hata mara moja, na kwa Lorna hiyo ni heshima kubwa.

Edinah alirudi siku ya tatu na kuku aliyefungwa kwenye leso. Chumba cha Bungoma kilikuwa na mwalimu lakini hakikuwa na mikono ya kushona. Alisimama mlangoni kwa Nyibol akabisha. "Okti," akaita kwa Kiarabu cha Juba, laini, sauti ile ile ya siku ya magodoro. "Okti, fungua. Ni mimi. Nani mwingine utaongea naye?"

Ndani, Nyibol alikuwa amekaa kitandani na uzi mwekundu mkononi. Lugha ile iliingia chini ya mlango kama harufu ya chakula cha nyumbani, na mwili wake wote ulitaka kuinuka. Akakaa.

Edinah akabisha tena, kwa nguvu.

"Wewe!" Lorna akapaza sauti kutoka mferejini, ploti nzima isikie. "Wachana na mlango ya watu. Si ulituambia hasikii?"