Keki Zisizo na Sukari

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki. Nikatoka darasa la tatu nikaenda kubeba magunia ya sukari kwa duka la jumla mjini Kakamega. Neno sukari kwa Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa sababu lilikuwa mgongoni mwangu kila siku. Nilicho nacho nimekijenga kwa mgongo huo, na hakuna aliyenipa. Nalisema hilo kwanza, maana haya mengine ni ya aibu.

Mke wangu aliugua tumbo muda mrefu. Lilikuwa linajaa upepo hadi sketi haifungiki, na kwa kikao cha akina mama wa kanisa alikuwa anatokanga kabla ya maombi ya mwisho. Mwishowe akaacha kwenda. Mtu wa lishe hospitalini akamwambia afuate chakula chenye FODMAP kidogo, yaani apunguze vitu vinavyochacha tumboni: ngano, vitunguu, maharagwe, maziwa, na vile vitamu vinavyotiwa mahali pa sukari. Mimi niliketi hapo nikiitikia kwa kichwa. Nilichosikia ni sukari. Wazee wenzangu wote wakikatazwa chakula, huwa ni sukari.

Alipofuata maneno yale akapata nafuu. Akaita akina mama waje kwetu Amalemba, safari hii akae nao mpaka mwisho. Tukaenda supamaketi kununua keki ndogo za pakiti. Nikachukua moja iliyoandikwa haina sukari. Yeye, ambaye alimaliza darasa la saba, akaigeuza akaanza kusoma yale maandishi madogo ya nyuma. Watu walikuwa wanapita, na mmoja wao ni mpangaji wangu.

"Umekuwa karani?" nikamwambia. "Haina sukari. Weka kwa kikapu."

"Mzee, ngoja nione wametia nini."

"Nimeshaona mimi."

Akaweka.

Siku ya kikao keki zikazungushwa, yeye hakuchukua. Mimi mwenye nyumba nikasimama mbele ya wanawake wote. "Kula, Mama. Hizo nimekuchagulia mwenyewe." Angenikatalia vipi mbele ya wageni? Akala mbili.

Kikao hakijafika katikati, tumbo likaanza kulia na wote wakalisikia. Akaenda choo, akarudi, akaenda tena. Mama mmoja mcheshi akaniuliza, "Baba, kile kinu chako cha kusaga posho siku hizi kinalala ndani?" Wakacheka. Mimi pia nilicheka, na hicho ndicho kinachonichoma zaidi, kwa sababu yeye alikuwa nyuma ya mlango. Hakurudi. Wakafunga kwa maombi bila mwenyeji wao.

Jioni aliniletea pakiti akanisomea polepole, bila hasira. Unga wa ngano. Maziwa ya unga. Halafu kile kitamu cha mahali pa sukari, ambacho alikuwa amekatazwa kwa jina.

"Sukari yenyewe kidogo haingenisumbua," akasema.

Siku hizi tukiwa dukani nampa pakiti mbele ya watu, namshikia kikapu mpaka amalize kusoma. Lakini akina mama hajawaita tena, na mimi siwezi kumlazimisha.

Leo nina ploti Shirere yenye vyumba vya wanafunzi. Nina shamba Malinya, ng'ombe watatu, kinu cha kusaga, na nyumba hii ya Amalemba, pamoja na viti vya wageni ambavyo havijakaliwa tangu siku ile.