Adhana ya Alfajiri Kwenye Futari ya Wageni

Mkinikuta sokoni Malindi nimejitanda mtandio mpaka puani, msidhani ucha Mungu umenizidi, ni haya tu, najificha watu. Upo mtaa ambao mimi niliufuturisha jua lingali juu, na humo mna watu ambao mpaka leo wakiniona huangalia saa zao za mkononi halafu hucheka (wengine hawacheki, na hao ndio hasa ninaowakimbia). Basi nitawasimulia mwenyewe, maana mkiachiwa kusimuliwa na mtaa mtaambiwa nilimpiga Imamu kwa mwiko.

Kazi yangu ya mshahara ni kufundisha kompyuta kule Kilifi, lakini kazi ya roho yangu ni kutunza vifurushi vya mfumo huria, ule mfumo wa kompyuta unaotolewa bure na kutengenezwa na watu waliotawanyika dunia nzima. (Shangazi yangu Zuhura kwa muda mrefu aliamini nauza intaneti, akawa kila Ijumaa ananiomba nimtilie kidogo.) Ni hivi: mtu huko aliko anaandika programu, mtunzaji kama mimi anaichukua, anaifungasha ili iingie vizuri kwenye mashine za watu, akiona pana kasoro anapiga kiraka, na mwandishi akitoa toleo jipya mtunzaji anaanza upya. Na tuna desturi yetu, kwamba toleo jipya haliendi moja kwa moja kwa watu, linakaa kwanza kwenye foleni ya majaribio ili wenzako walijaribu. Mimi nilikuwa mkali wa desturi hiyo. Niliwahi kumgombeza mtunzaji mwenzangu wa nchi ya mbali, mbele ya wenzetu wote, kwa kuiruka foleni, na maneno niliyomwambia sikuyachagua.

Kati ya vifurushi vyangu kimo kimoja cha nyakati za sala, kinapiga hesabu za jua na wakati ukifika kinaadhini. Tatizo ni kwamba waandishi wake hawazijui saa zetu. Kwao alfajiri ni saa tano, na mzee wa kwetu ukimwambia alfajiri inaingia saa tano atakuuliza ya usiku au ya mchana, na ukiendelea kubishana atakuondokea. Nikapiga kiraka: toa saa sita, ili tano yao isomeke kumi na moja kama tunavyohesabu sisi. Kiraka kikafanya kazi bila kosa, nikawatumia na waandishi wenyewe ili wakiingize kwao, hawakunijibu, nami nikasahau.

Sasa Baba. Baba yangu, Mzee Bakari, aliadhini msikiti wa mtaani kwetu tangu mimi sijazaliwa. Sisi asili yetu visiwa vya kaskazini, na sauti ile aliitoa huko huko, sauti ndefu isiyo na haraka. Kisha kiharusi kikampiga, kikamwachia mkono mmoja na maneno machache yanayotoka kwa taabu. Bahati nilikuwa nimemrekodi kabla, adhana ya kawaida na ile ya alfajiri yenye “asswalatu khairun minan naumu”, sala ni bora kuliko usingizi. Nikaitia sauti hiyo kwenye kompyuta ya msikiti, nikaiunganisha na vipaza sauti vya nje (ndani mtu aliendelea kuadhini kwa mdomo kama inavyopasa, masheikh msinishike shati), na mara ya kwanza Baba alipoisikia sauti yake kutoka juu ya mnara alilia, wala hakujificha.

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Athmani, hakupendezwa. Yeye alitaka muadhini kijana, mwenye koo lake mwenyewe. Yeye na wenzake wa kamati wakakubaliana tujaribu Ramadhani ile, na siku ya futari ya wageni, msikiti unapoalika watu wa nje, wafungao na wasiofunga, wageni wakishaondoka, kamati iamue kama sauti ya Baba inabaki au inatolewa. Baba alijua. Siku hiyo alitaka kanzu yake ya Idi, na mimi ndiye niliyemfunga vifungo.

Na siku hiyo hiyo, kana kwamba shetani hakufungwa minyororo vizuri, waandishi wakatoa toleo jipya. Nilisoma maelezo yake juu juu, jicho likanasa jambo moja tu: sasa programu inaweza kuonyesha kwenye skrini jina la anayeadhini. Mnaona? Skrini iko pale mbele ya msikiti, wageni wametoka Kilifi, adhana ya magharibi inapanda na chini yake pameandikwa MUADHINI: MZEE BAKARI. Bwana Athmani angeitoaje tena sauti yenye jina? Nikasema hili halingoji foleni.

Alasiri ilipoadhiniwa salama nikakaa na kompyuta jikoni kwetu, nikalifungasha toleo jipya, nikabandika juu yake kiraka changu kile cha saa, kikakaa bila ubishi, nikaupeleka mzigo moja kwa moja kwenye mashine ya msikiti. Wala sikuishia hapo. Kiburi kikinipanda huwa hakishuki nusu, nikatia na alama ya dharura ili watu wote wanaotumia kifurushi wakipate mara moja. Kisha nikafungua simu nikaitazama skrini ya msikiti. Alfajiri saa kumi na moja na robo. Magharibi saa kumi na mbili na nusu. Jina la Baba lipo. Sawasawa kabisa, nikaenda kukaanga kaimati.

Wanawake tulikuwa uani nyuma ya msikiti, na kati yetu na wanaume pana ua wa makuti. Mawingu ya masika yalikuwa yametanda, pamekuwa kiza, na kwa kuhofia mvua wanaume walikwisha kaa mapema chini ya turubai, tende na maji mbele yao, kila mtu amechoka na anatazama gilasi. Baba nilimwona kwenye upenyo wa makuti, amekaa mstari wa mbele karibu na wageni.

Basi ikapanda. Allahu akbar, Allahu akbar, sauti ya Baba, safi kuliko siku zote, na mimi, Mungu anisamehe, kwanza nilifurahi.

“Bismillahi, wageni wetu, karibuni tufuturu!” Huyo ni Bwana Athmani, mkarimu kuliko wote mbele ya watu, tende imeshaingia mdomoni na maji yameifuata. Na mstari mzima ukamfuata yeye.

“Rukia,” Shangazi Zuhura akaniambia akiwa ameshika sinia, “leo wakati umekimbia hivi? Mimi tambi hata sijazipakua.”

Nikatazama saa ya simu. “Bado, Shangazi. Bado saa nzima na zaidi.”

“Bado nini? Na hiyo ni nini inayolia?”

Hiyo inayolia ikamjibu yenyewe. Ilifika pale pa maneno ya alfajiri, ikavuta pumzi kama Baba alivyokuwa akivuta, ikawatangazia watu wenye tende mdomoni, mchana wa Ramadhani, kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Kule chini ya turubai mtu mmoja akatema. Baba alikuwa akiifuata sauti yake kwa midomo, kama anavyofanya siku zote, na aliposikia maneno hayo midomo ikasimama. Akatazama juu, kwenye turubai, kama anayetafuta jua.

Mtanambia si ungezima. Nilikuwa na unga wa kaimati mpaka viwikoni, simu inataka kidole na kidole changu haikitambui, nakifuta kwenye buibui, inakataa, nakifuta tena. Kuingia upande wa wanaume siwezi, na kabati la mashine lina kufuli na ufunguo uko mfukoni mwa Bwana Athmani. Simu ilipofunguka, kwa haraka zangu, badala ya kuamuru programu isimame nikaiamuru ianze upya. Ikatii. Ikaona ni wakati wa alfajiri na bado haijaadhini, ikaanza tena tangu Allahu akbar ya kwanza.

Hapo ndipo pakachafuka. Wageni wasiofunga wanaulizana waendelee kula au waache, mwingine anacheka, na mzee mmoja wa mtaani, aliyemjua Baba maisha yake yote, akainuka akamnyooshea kidole: “Mzee Bakari! Umetufuturisha mchana!” Jina lenyewe liko pale kwenye skrini kwa herufi kubwa, kazi ya mikono yangu. Baba akafungua mdomo. Kilichotoka si neno. Akajaribu tena, mkono wake mzima umekamata kanzu, na watu wote wanamtazama wakingoja ajitetee, ilhali sauti yake inaendelea kupiga kelele juu ya kichwa chake.

Sikuvumilia. Nikapanda juu ya kinu, nikatoa kichwa juu ya makuti, uso umejaa unga, nikapiga ukelele: “Ni mimi! Si Baba, ni mimi niliyeharibu!”

“Nani huyo?” akauliza Bwana Athmani.

“Binti yake,” mtu akajibu.

Akanitazama vile nilivyo, na maji ya kufuturia bado yanang'aa ndevuni mwake. “Mngeniachia muadhini mwenye akili zake,” akasema, si kwa sauti kubwa, lakini kila mtu alisikia, na Baba alisikia. Akaenda akafungua kabati, akang'oa waya. Magharibi ilipoingia kweli aliadhini yeye, kwa koo la hasira, na wageni wakala chakula kilichopoa.

Kosa nililiona kesho yake asubuhi. Wale waandishi ambao hawakunijibu walikuwa wamekikubali kiraka changu kimya kimya, wakakiingiza ndani ya toleo jipya. Programu ikatoa saa sita kwa ajili ya skrini, na pale ilipopaswa kuzirudisha ili ijue wakati wa kuadhini, kiraka changu cha zamani nilichobandika juu kikatoa saa sita nyingine. Alfajiri ikahamia jioni. Na skrini isingenionyesha kitu, maana saa kumi na moja na robo huandikwa vile vile, iwe ya asubuhi au ya jioni. Foleni ya majaribio ingeligundua siku ya kwanza, kwa sababu mtu angekaa akasubiri adhana isije. Ndiyo maana ipo.

Malalamiko yalikwisha fika, moja la mwenye duka Mariakani ambaye kompyuta yake ilimwadhinia magharibi akiwa anafungua duka, na ukurasa wa kosa hilo uko mtandaoni, una jina langu, haufutiki. Yule mtunzaji niliyemgombeza naye aliniandikia. Hakuongeza lake hata moja. Alinirudishia maneno yangu mwenyewe, kama nilivyomwandikia.

Kamati haikukaa hata kitako. Kijana mwenye koo alianza Ijumaa iliyofuata, na anaadhini vizuri, siwezi kumsema. Kifurushi nilikirekebisha, kinafanya kazi barabara kila mahali isipokuwa mtaani kwetu. Sasa sibandiki kiraka cha zamani kabla sijauliza kama bado kinahitajika, na sitatia tena alama ya dharura kwa jambo ambalo dharura yake ni mimi kutaka kusifiwa. Nimeapa, na safari hii sina wa kumgombeza.

Baada ya Idi, waliofuturu siku ile walifunga siku moja kuilipa. Baba naye akafunga. Hakuwa na deni, siku ile hakugusa hata tende, na daktari alimkataza saumu tangu augue. Nilimwambia, nikambembeleza, Shangazi akamlilia. “Wa-tu,” akasema, akanyoosha mkono wake mzima kuelekea msikitini. Jioni nilimkalisha ukumbini, nikamwekea maji na tende mkononi kwake. Adhana ya yule kijana ikapanda, kwa wakati wake, haina kosa. Baba hakunywa. Aliniangalia mimi kwanza, akaiangalia simu yangu pale mezani, kisha akachukua fimbo yake, akainuka taratibu, akatoka nje kwenda kulitazama jua mwenyewe.