Gauni Chini ya Koti

Juzi, nikikunja koti la suti kwa safari ya kikazi, nilijikuta natafuta gauni la kuweka chini yake. Nikaketi kitandani.

Kwetu Lodwar, kila Jumatatu baba alikwenda Kakuma kutafuta tenda za kambi ya wakimbizi, kwa msafara wa magari uliolindwa na askari. Suti yake alishonewa na mama, na mama ndiye aliyeipanga begini huku kahawa ikitulia kwenye sufuria, unga ukishuka chini. Kwanza alilaza gauni lake la maua, kisha koti juu yake. Halafu aliketi akilitazama begi. Kabla ya kumimina kahawa, alilitoa gauni na kulirudisha msumarini. Niliamini lilikuwa la kuzuia koti lisijikunje.

Asubuhi moja hakulitoa. Tena alikuwa amevaa viatu, humo humo ndani ya nyumba. Honi ikalia barabarani, baba akanyanyua begi.

"Mbona limejaa hivi leo?"

"Ni gauni la mama," nikadakia, nikijiona mjuzi. "La kunyoosha koti!"

Baba akalitoa taratibu, akampa mama.

"Nilitaka kuiona tu hiyo Kakuma," mama alisema.

"Na huyu abaki na nani?" Akaninyooshea kidole.

Mama akavua viatu, akammiminia kahawa. Ya mama ilipoa mezani.

Jumatatu iliyofuata koti liliingia begini peke yake. Baba aliporudi nililikagua. Halikuwa na kunyanzi hata moja.